Mwaka wa Koti la Gidioni

Niliwahi kumcheza kamari marehemu. Naliweka hili mwanzoni kabisa ili anayetaka kufunga kitabu afunge sasa, asije akacheka na mimi kurasa nzima halafu ndipo agundue alikuwa anacheka na mtu wa namna gani. Sikumcheza kwa karata, wala hapakuwa na hela mezani. Nilikuwa kidato cha pili, nimekalia ndoo iliyogeuzwa kwenye kibanda cha kuchaji simu pale Utemini, nikachukua nguo ya mwisho iliyobaki mwilini mwa Gidioni, nikaitia tanurini mbele ya washkaji. Wakashangilia. Na mimi nikashangilia, tena kwa sauti kuliko wote, maana hata ujinga wangu huwa naufanya kwa bidii.

Sasa niko kidato cha nne, na walimu wanaamini nimekua kwa sababu siku hizi nachelewa kwa adabu. Nisingeandika lolote kama si mashindano ya michezo ya shule ya mwezi uliopita. Mimi sikuwa mchezaji, nilikuwa mshangiliaji mkuu, cheo nilichojipa mwenyewe. Katika kundi lililotoka Kiomboi nikamwona Eliudi, amerefuka mpaka jezi imekuwa fupi. Nikamkimbilia nikipiga kelele, "Wewe Mnyiramba, nani kakufungua kamba?" Asiyetoka kwetu aelewe kwamba sisi Wanyaturu na wao Wanyiramba ni watani. Mtani akikuita mwizi wa mbuzi, amekusalimia. Wewe unatakiwa umjibu neno baya zaidi, na hapo kila mmoja anajua mwenzake ni mzima. Eliudi akanyoosha mkono. "Habari za siku nyingi, Shabani. Natumaini masomo yanaendelea vizuri." Nikasema yanaendelea. "Tunamshukuru Mungu," akasema, kisha akainama kufunga kamba za viatu, kamba ambazo nilikuwa naziona zimefungwa. Dah. Nimechapwa na walimu wa masomo yote mpaka wa dini, lakini hakuna fimbo iliyoniingia kama ile "natumaini masomo yanaendelea vizuri". Mtani wako akianza kukuheshimu, ujue amekufuta.

Usiku ule bwenini nililala macho, nikaanza kuurudia ule mwaka, na kila nilipoanza nilijikuta kwenye kibanda cha Chidi. Kilikuwa na mabati pande tatu na turubai upande wa nne, na upepo wetu wa Singida ulikuwa unalipiga lile turubai kama mtu anayebisha hodi bila nia ya kuingia. Ndani kulinuka plastiki ya moto na mihogo ya kukaanga. Simu za watu zilipangwa juu ya ubao zikinyonya umeme, kila moja na kikaratasi cha jina, na sisi tulikaa chini yake kwenye ndoo na madebe, tumeinamisha shingo kama waumini. Chidi mwenyewe alikuwa kijana wa makamo ya kaka zetu, mpole, anaongea polepole, hakuwahi kumlazimisha mtu. Mchezo tuliuita Kisiwa. Unashuka kwa parachuti, unapigana, anayebaki wa mwisho ndiye bingwa. Lakini muda si mrefu hakuna aliyejali kupigana. Tulijali nguo. Tuliziita skini: kofia, mabawa, viatu vinavyotoa cheche, vitu ambavyo havimwongezei mtu nguvu hata chembe ila vinamfanya aliyevaa kaptula ajione yatima. Na nguo nzuri zilikuwa hazinunuliwi moja kwa moja. Zilikuwa ndani ya maboksi, na boksi unalilipia kwa koini kabla hujajua lina nini.

Ukiishiwa koini, lilikuwepo tanuri. Hilo ndilo lililotumaliza. Unatupia ndani nguo uliyo nayo, inaungua, halafu gurudumu linazunguka na muziki wake. Mshale unapita kwenye soksi, unapita kwenye mabawa ya dhahabu, unapunguza mwendo, unayakaribia tena mabawa, unajikongoja, unasimama hatua moja mbele. Soksi. Kibanda kizima tunapiga yowe, "Bado kidogo!" Nimeliwaza sana lile neno. Mtu akikosa kabisa, anakwenda nyumbani kula. Tanuri lilikuwa halikukoseshi kabisa, lilikuwa linakukosesha kidogo, na sisi tuliona aliyekosa kidogo ni kama aliyeshinda ambaye zawadi yake iko njiani. Tulianza hata kupeana ushauri wa kitaalamu. Wengine walisema ubonyeze kwa dole gumba la kushoto. Mmoja alikuwa anapuliza kioo kwanza, kama uji.

Koini aliziuza Chidi, na kwa kuwa hela mtoto hana ila kuku wako kila nyumba, Chidi alipokea mayai. Mimi nadhani nusu ya chipsi mayai zilizoliwa stendi mwaka ule zilitokana na dhambi zetu. Nakumbuka mchana mmoja nakula ugali wa uwele kwa mlenda sebuleni kwetu, mlango uko wazi, mama yuko uani na Mama Gidioni, jirani yetu, ambaye ndiye mama wa Eliudi pia. Wanachambua choroko. Mama akasema, "Dada, hawa kuku wangu kuna kitu. Wanalia kabisa kama wametaga. Naenda, hola."

"Labda kenge."

"Kenge gani huyo anachukua mengine anaacha moja, ili nisishtuke?"

"Basi huyo ni kenge aliyesoma," Mama Gidioni akasema, na wote wawili wakacheka mpaka ungo ukamwagika. Mimi ndani nikacheka na tonge mdomoni. Hivyo ndivyo nilivyokuwa: nilikuwa kenge, na nilijiona msomi.

Gidioni alikuwa kaka mkubwa wa Eliudi. Alimaliza shule, akaenda Sekenke kuchimba dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, na alikuwa akirudi Utemini na vumbi masikioni na zawadi mkononi. Mara ya kwanza alipopata chochote cha maana, alimnunulia mama yake mabati ya jiko. Kilichobaki alikitia kwenye koini za Kisiwa, maana na yeye alikuwa mgonjwa kama sisi, tofauti yake ni kwamba aliugua kwa jasho lake. Akafungua boksi, likamtoa Koti la Moto. Sijaona mwingine mwenye lile koti. Lilikuwa jekundu, refu hadi magotini, na mabega yake yalikuwa yanawaka ndimi ndogo ndogo za moto ambazo hazizimi. Alikuja nalo kwenye simu kama mtu aliyeleta ng'ombe. Alituvumilia tukalitazama zamu kwa zamu, akisema, "Tazama, usiguse kioo, una mafuta ya mihogo."

Kipindi cha mvua shimo liliporomoka na Gidioni alikuwa chini. Msiba uliwekwa nyumbani kwao hapo Utemini kabla ya kumpeleka Kiomboi kuzikwa, na mimi, kama Mnyaturu, nilikuwa na kazi yangu. Kwetu mtani haji msibani kulia. Anakuja kuiba. Anachukua kitu cha marehemu, anakivaa, anamwigiza alivyokuwa akitembea na kusema, na wafiwa wanacheka katikati ya kilio, halafu wanakikomboa kile kitu kwa soda au kwa chochote, naye anarudisha. Watu wazima wa kwetu siku ile walikuwa wamepooza, maana marehemu alikuwa kijana mno. Mimi nikaingia chumbani, nikachukua buti zake za mgodini zilizonizidi, nikatoka nazo chini ya turubai nikilalia bega moja kama alivyokuwa akilalia yeye, nikasema kwa sauti yake, "Mama, weka ugali mkubwa, leo nimeota shimo la bahati." Halafu Mama Gidioni akacheka. Alicheka huku machozi yanaingia mdomoni, na wanawake wote wakamfuata. Akazikomboa zile buti kwa soda na mandazi, nikazivua, nikampa. Mzee mmoja akanishika kichwa akasema, "Huyu ndiye mtani." Sijawahi kupata sifa kubwa kama ile, kabla wala baada, na nafikiri ndiyo iliyoniharibu. Nilidhani nimepewa kibali cha kudumu.

Arobaini ilipopita nguo zake ziligawiwa ndugu. Mjomba suruali, mtoto wa shangazi jaketi, buti zikaenda Kiomboi. Simu alipewa Eliudi. Koti la Moto halikugawiwa, kwa sababu halikuwa la kushikika, na nadhani wazee hawakujua kama lipo. Lakini Mama Gidioni alikuwa analijua. Kila magharibi Eliudi alikuwa akiweka ile simu mezani, ameiegemeza kwenye chupa ya chai, anafungua Kisiwa na kuiacha kwenye ule ukurasa wa mwanzo ambapo mtu wako anasimama tu akikungoja. Anasimama, anapumua, anahamisha uzito mguu hadi mguu, mara anajifuta bega, mara anapunga mkono. Watu wote wa mchezo ule wanafanya hivyo hivyo, hata wangu aliyekuwa na kaptula. Mama Gidioni alikuwa hajui hilo na hakuna aliyemwambia. Picha za mwanawe zilikuwa za shule, amenuna katika zote. Huyu wa kwenye simu alikuwa anapunga.

Nimekaa sana kwenye ile sebule. Makochi yenye vitambaa vilivyofumwa, harufu ya mafuta ya alizeti kutoka jikoni, sahani ya viazi vitamu katikati, na sisi watatu tunakula tukimtazama wa nne. "Mnaona anavyojifuta bega?" alikuwa akisema. "Hivyo hivyo." Mara nyingine alikuwa anauliza, "Hajaenda kupigana leo?" na Eliudi anamjibu bila hata kutabasamu, "Hapigani, mama. Yuko nyumbani." Niliwahi kusema kwa utani kwamba Gidioni ndiye Mnyiramba pekee aliyewahi kuvaa nguo mpya, na Mama Gidioni akanirushia ganda la kiazi. Nilikuwa na nafasi yangu pale. Sikuwa mgeni.

Siku yenyewe umeme kwao ulikuwa umeisha. Eliudi alikuwa anawahi mazoezi ya kwaya, akanipa ile simu nikaichaji kwa Chidi. "Ilete kabla ya magharibi," akasema, "mama atamtaka." Hakunionya chochote kingine. Alinipa tu, kama mtu anavyompa mwenzake ashike kikombe.

Nilikuwa nimeshamaliza vyote vyangu. Mayai ya wiki yote yalikuwa yameungua kwenye tanuri, na mtu wangu alibaki na kaptula na soksi, soksi nyingi kweli. Washkaji wakaanza. "Oya, Shabani, mpe shuka huyo mtoto, anapata nimonia." "Mwacheni, anakwenda kutahiriwa." Mimi ni mtu wa kuchekesha wengine. Kuchekwa sijakuzoea. Nikaichomoa simu ya Eliudi kwenye chaji, nikafungua Kisiwa, na Gidioni akatokea na mabega yake yanawaka. Chidi akatazama akasema polepole, "Hilo la marehemu, mdogo wangu." Huo ndio ukweli, alinionya. Nami nikasimama juu ya ndoo nikasema, "Mimi ni mtani! Mtani ana kosa gani? Nguo za marehemu zote zimeshagawiwa, hii ndiyo fungu langu!" Wakacheka. Walipocheka nikajua nitabonyeza.

Nimejiambia mambo mengi tangu siku ile. Kwamba nilitaka kumpatia mabawa ya dhahabu, avae juu ya vyote, mama yake afurahi. Kwamba nilikuwa mtoto. Kwamba waliotengeneza lile tanuri ni watu wazima, wana shule zao, na walijua vizuri kabisa mshale unasimama wapi. Yote yana ukweli, na hili la mwisho linanikasirisha mpaka leo. Lakini nilikuwepo, na namkumbuka yule mvulana juu ya ndoo. Hakuwa anamfikiria Mama Gidioni. Alikuwa anayasikia makofi.

Koti liliungua vizuri, kwa kweli. Waliotengeneza waliweka moto mzuri. Gurudumu likazunguka, mshale ukapita kwenye mabawa, ukayarudia, ukajikongoja, tukapiga yowe, ukasimama hatua moja mbele. Kofia ya tikiti maji. Kwenye kioo Gidioni akasimama na singlendi, na nusu ya tikiti kichwani, akajifuta bega, akapunga. Watu walicheka mpaka wengine wakaanguka kwenye madebe. Na mimi nilicheka. Sitaficha. Ilikuwa inachekesha. Kisha nikaacha, wao wakaendelea.

Chidi alijaribu kunisaidia. Aliandika malalamiko kwa wenye mchezo, kwa Kiingereza chake na changu tukijumlisha, tukajibiwa na mashine iliyotushukuru kwa kucheza. Jua lilikuwa linashuka. Nikaipeleka simu.

Mama yangu alikuwa hapo hapo kwa Mama Gidioni, wanapepeta uwele kwenye baraza, wakaingia ndani mwanga ulipopungua. Nikasema shikamoo, Mama Gidioni akaitikia, "Marahaba, mwizi wangu." Eliudi, bado na shati la kwaya, akaichukua simu mkononi mwangu, akaiegemeza kwenye chupa ya chai, akafungua. Nilikuwa nimepanga la kusema njia nzima. Lilinipotea.

Mama Gidioni akainama kwenye kioo. "Eliudi, huyu ni nani?"

Eliudi hakumtazama mama yake. Alinitazama mimi.

"Mama," nikasema, "koti nimelichukua mimi. Mtani."

Akanyanyua uso, na nilichokiona usoni kwake ndicho kinachoniamsha mpaka leo. Alifurahi. Tangu msiba, watu walikuwa wanamsemesha kwa sauti ya kanisani. "Ewe Mnyaturu!" akasema. "Hata huko umemfuata umwibie? Huna haya?" Akasimama akijipangusa pumba za uwele. "Sitaki maneno mengi na wewe. Nalikomboa." Akatoka. Tukasikia kukurukakara uani, kuku wanapiga kelele, yeye anacheka peke yake gizani akisema njoo hapa, njoo. Akarudi na jogoo, tena jogoo mwekundu aliyekuwa anamtunzia sikukuu, amemfunga miguu kwa kipande cha kitambaa. Akanitia mikononi. "Haya. Usiseme nimekupunja. Sasa mrudishie mwenzio koti lake, upepo wa leo mkali."

Jogoo alikuwa wa moto, na moyo wake unakwenda mbio kwenye kiganja changu. Mama yangu hakuwa anacheka. Alikuwa amenitazama sura yangu, na mama anaijua sura yangu.

"Mama, halirudi," nikasema.

"Unataka na tetea?"

"Hapana, mama. Halipo. Nimelicheza."

"Umelicheza vipi?"

"Kamari."

Hilo neno alilijua. Alikaa polepole kwenye kochi. Akachukua ncha ya khanga, akafuta kioo cha simu, pale kichwani, mara ya kwanza, kisha tena kwa nguvu kidogo, kama mtu anayefuta doa kwenye paji la mtoto. Kofia ikabaki. Gidioni akapunga mkono. Eliudi akaichukua simu akaizima. "Koti lile alinionyesha mimi wa kwanza," akasema, hakuwa anamwambia mtu yeyote, akaingia chumbani. Mwaka ulipoisha alihamia Kiomboi kwa mjomba wake, na kati ya jioni ile na siku aliyopanda basi hakunitukana hata mara moja.

Mama yangu akaja akanichukua jogoo. Akamfungua miguu, akamweka chini mlangoni, jogoo akatoka akiyumba. Akasema kwa Kinyaturu maneno machache kwa sauti ya chini, kisha kwa Kiswahili, "Dada, tunaomba radhi." Mama Gidioni akajibu, "Nendeni salama," kwa upole kabisa, jinsi watu wanavyowaambia wageni.

Tukatoka. Mama alitangulia na ungo wake kichwani, mimi nyuma, upepo unatupiga ubavuni. Njia ni fupi, nyumba chache tu, na mimi kimya sikiwezi, sijawahi kukiweza. Karibu na mlango wetu ulimi ukajiendea wenyewe. Nikasema, "Mama, angalau jogoo amepona."

Akasimama. Akashusha ungo, akageuka, na haya ndiyo aliyosema, neno kwa neno:

"Shabani, kesho nitakuamsha, utakunywa uji, utaenda shule, na mimi nitakuwa mama yako. Ila leo usinichekeshe."